Rebeka na Kibuyu cha Njugu

Binti yangu Rebeka hajui kukaa. Alipokuwa mdogo alikula amesimama, na alipojifunza kusoma alisoma akitembea, kitabu mkononi, mpaka majani ya uani yakafa. Marehemu baba yake, Mwalimu Laurenti, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ukimkalisha kitini, akili yake inalala kabla ya miguu. Mimi sikukubaliana naye. Nilifundisha Kiingereza na historia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu walikaa.

Leo Rebeka ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kata, si mbali na hapa nyumbani kwetu Mtinko. Ana shahada, ana ajira ya serikali, na watu wakimpisha njiani wanamwita mwalimu, kama walivyomwita baba yake. Angeweza kutulia hapo. Lakini mwaka wa sensa alichukuliwa kuwa karani, akapita nyumba kwa nyumba katika vumbi lile la Agosti akiuliza watu umri wao na idadi ya mbuzi wao, na tangu hapo akawa mtu asiyetulia kabisa. Alitaka kujua majibu yale yanakokwenda, na yanageuzwaje hata yawe sentensi moja inayosomwa redioni. Akaomba kusoma shahada ya uzamili ya takwimu katika chuo kimoja cha Dodoma ambacho huwapa waombaji mtihani kwanza. Mwaka jana aliufanya, akashindwa.

"Nilikokotoa kila kitu, mama," aliniambia. "Kanuni zote nilizijua. Walichouliza ni maana yake. Nilikuwa na jibu mkononi, sijui ni jibu la nini."

Mwaka huu, shule zilipofungwa mwezi wa sita, alirudi nyumbani na mzigo wa vitabu, na siku ya pili akaacha kuvifungua. Aliingia stoo akatoka na njugu mawe, nyekundu na nyeupe, akazichanganya ndani ya kibuyu kikubwa nilichokuwa nimekikata shingo ili niwekee mbegu. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe, moja ya yale mawe makubwa ambayo huku kwetu yametangulia watu, na chini yake inapita njia ya kwenda kisimani na sokoni. Rebeka akapanda juu ya jiwe. Akatikisa kibuyu, akafumba macho, akaingiza mkono, akatoa njugu za kiganja kimoja. Akafumbua macho, akahesabu nyekundu, akachora alama kwa chaki juu ya jiwe, akazirudisha zote, akatikisa tena.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Natafuta kiganja kinavyodanganya," alisema. "Kibuyu ni kilekile, njugu ni zilezile, lakini kila kiganja kinasema lake. Nataka nikijue kwa mkono wangu, siyo kwa kitabu. Kinadanganya kiasi gani, na lini nikiamini."

Nilimwelewa nusu, nikamwacha. Alishinda pale juu siku nzima akitembea, akitikisa, akifumba, akichora. Upepo wa Singida unabeba sauti. Nilikuwa jikoni nikisikia ile chaka-chaka ya njugu, nikaizoea kama mtu anavyozoea mvua. Sikufikiria kwamba upepo unaipeleka mbele zaidi.

Wa kwanza kusema alikuwa Frank, mfanyabiashara wa ng'ombe. Yeye ni Msukuma, mtani wetu, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Alisimama njiani siku ya mnada akapaza sauti:

"Mganga! Hebu niangalizie ng'ombe wangu kama watapata bei!"

"Watakufa wote," Rebeka alimjibu kutoka juu, bila kufungua macho. "Na wewe utawafuata."

"Basi nitakuja kukulipa kule kule!"

Tulicheka sote. Utani ni utani. Lakini waliokuwa njiani wakienda mnadani hawakuwa wote wa hapa, na neno la Frank likaenda nao hadi sokoni bila kicheko chake.

Yapo mambo ambayo ni lazima niyaeleze hapa, ingawa nisingependa. Mama mkwe wangu, bibi yake Rebeka, kabla ya kubatizwa alikuwa mwaguzi. Watu walitoka mbali kuja kwake. Alikuwa na vibuyu, akivitikisa na kufumba macho, akaeleza mtu shida yake kabla hajaisema. Alipopokea ubatizo alivichoma hadharani, na watoto wake wakapelekwa shule. Ilichukua umri mzima wa mume wangu mpaka watu wakaacha kusema "kwa yule mwaguzi" wakaanza kusema "kwa mwalimu." Mimi niliolewa katikati ya kazi hiyo na nimeishi nikiifanya. Hakuna aliyewahi kuniona barabarani bila viatu, wala mtoto wangu akiazima chumvi. Kwa hiyo jirani yangu Stumai alipopiga hodi asubuhi moja akakataa kiti, nilijua kuna jambo.

"Sikai, mwenzangu, nina alizeti juani," alisema. "Nimekuja kukuuliza, na usinikasirikie."

"Uliza."

"Rebeka ameanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kuangalia watu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Stumai amekuwa jirani yangu tangu watoto wetu wakitambaa. Sikukuu ya Idi anatuletea pilau, na Krismasi tunampelekea. Hanichezei.

"Ni masomo, Stumai. Anajiandaa na mtihani."

"Mimi nawaambia hivyo hivyo. Lakini wananiuliza, masomo gani ya kibuyu? Mwanangu amesoma mpaka Dar es Salaam, hajawahi kurudi na kibuyu." Akashusha sauti. "Wanasema ni bibi yake. Wanasema amerudi, na alama zile nyeupe juu ya jiwe ndizo anazomfundisha."

Nilipanda kwenye jiwe saa ileile na ndoo ya maji, nikafuta chaki yote. Rebeka alisimama akiniangalia kama mtu anayeona nyumba inabomolewa.

"Mama, hiyo ni kazi ya wiki nzima."

"Utaifanyia ndani. Sebule iko wazi, meza ipo, kiti kipo. Usome kama watu wanavyosoma."

"Ndani sioni."

"Nitakuwashia taa."

Nikafunga mapazia ili wapita njia wasimwone. Hapo nilikosea hesabu, kwa sababu mwaguzi wa kweli hafanyii kazi juani. Anafanyia ndani, gizani. Kibuyu kikaendelea kulia nyuma ya mapazia, na Mtinko ikapata jibu lake. Wanawake waliokuwa wakipita njia ya chini ya jiwe wakahamia njia ya mbali. Wengine walifanya kinyume: wakaanza kukawia karibu na mlango wetu, wakinisalimu mara mbili.

Rebeka naye akaharibika. Alizunguka meza akigonga viti, akikaa na kuinuka. Mitihani ya zamani aliyokuwa akiifanya na kuisahihisha mwenyewe ikaanza kumrudishia makosa ya kitoto. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya sebule, kalamu mdomoni, akiangalia pazia.

"Mtihani ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na mimi nimerudi nilipokuwa mwaka jana," alisema. "Najua kukokotoa tu."

"Kaza moyo."

"Moyo umekaza. Ni miguu."

Katika siku hizo ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka Sepuka. Jina lake Catherine, umri wake karibu sawa na wa Rebeka, na alikuwa amebeba kuku jike mwekundu, amefungwa miguu. Alinipa shikamoo kwa heshima, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Sepuka si karibu. Alikuwa amepanda gari mpaka Singida mjini na gari jingine mpaka kwetu.

"Nimesikia hapa hamsemi uongo," alisema, akimsukuma kuku mbele ya miguu ya Rebeka. "Mume wangu alikwenda machimbo ya Geita. Simu haipatikani tangu mavuno ya mwaka juzi. Nataka kujua kama ni mzima."

Nilifungua mdomo nimtoe nje. Rebeka akanyoosha mkono kunizuia, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mbele ya mgeni.

"Dada, mimi si mganga," alisema. "Ninachosoma ni hesabu za watu wengi kwa pamoja. Mtu mmoja simjui. Hesabu zangu haziwezi kumwona."

Catherine akamsogeza kuku karibu zaidi. "Basi niambie hao wengi. Wanaokwenda machimboni, wengi wanarudi?"

Nilimwona Rebeka akitafuta, na nilimwona akikosa.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sijui hata hao. Sidhani kuna mtu aliyekaa akawahesabu."

"Wahesabu basi," Catherine akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake ufagio uko wapi. Nilimpa chai, kwa maana hakuna aliyetoka kwangu bila chai, akanywa, akamchukua kuku wake, akaondoka.

Siku hiyo Rebeka hakugusa kibuyu wala kitabu. Alitembea kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, na kila nilipomwangalia midomo yake ilikuwa ikicheza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, shemeji yangu Marko alikuja. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, na tangu mume wangu afariki ndiye anayesimama mbele ya ukoo. Hakuvua kofia.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Rebeka.

"Marahaba." Akanigeukia. "Shemeji, nimetoka kwenye kikao cha wazee. Kuna mtu ametoka Sepuka na kuku wake akaja nyumba hii. Sitaki kuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," nilisema. "Na aliondoka na kuku wake."

"Hilo la kuondoka naye halikufika kikaoni." Akaketi. "Wameniambia hivi: jambo hili likome kabla ya Jumapili ijayo, vinginevyo nyumba hii itawekwa chini ya marudi ya kanisa. Jina litasomwa mbele ya usharika. Jina la Laurenti! Mama yetu alichoma vibuyu vyake mbele ya watu, nikiwa nimesimama pale, mtoto wa kaptula. Nilisikia vikipasuka motoni. Na leo mjukuu wake anatikisa kibuyu nyuma ya mapazia."

Rebeka alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Akaweka kalamu mezani.

"Nitaacha, baba mkubwa."

"Kibuyu?"

"Na mtihani. Bila kibuyu sifaulu, na nikishindwa tena mtasema ni laana. Nitawaandikia chuo kesho."

Marko akashusha pumzi. Alikuwa amepata alichotumwa, na zaidi. Ilikuwa zamu yangu kusema ahsante, nyumba imepona. Jina letu lilikuwa limelala pale mezani, salama, pembeni ya ile kalamu. Nami nilimwangalia binti yangu, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nimzae: alikuwa ametulia. Mikono imening'inia, miguu haisogei. Mwili mzima umenyamaza kama saa iliyosimama.

Niliinuka nikafungua mapazia yote.

"Shemeji," nilisema, "umeambiwa ni ramli na waliosikia sauti tu. Wewe ni mzee wa kanisa, huwezi kupeleka kikaoni maneno ya kusikia. Utaiona kwa macho yako. Rebeka, leta kibuyu. Juu ya jiwe."

"Leo Jumapili," Marko alisema.

"Ndiyo. Watu wanarudi kutoka ibadani. Waone nao."

Alipanda kwa shida, akitukanana na magoti yake. Njiani watu walianza kusimama: kwanza wawili, halafu kundi zima la wanakwaya na sare zao. Stumai alikuja na ungo wake wa alizeti kiunoni.

Rebeka aliweka kibuyu mbele ya baba yake mkubwa. "Kuna njugu humu, nyekundu na nyeupe. Hujui zipi ni nyingi. Chukua kiganja kimoja, uniambie kibuyu kizima kikoje."

"Nifumbe macho?"

"Ukipenda."

"Mimi nifumbe macho mbele ya kibuyu? Sifumbi!"

"Basi usifumbe."

Marko akakivuta, akakiinamisha kwenye mwanga, akachungulia, akaingiza vidole akichambua taratibu kama mtu anayetafuta mbegu ya msimu ujao. Akatoa kiganja, akakifungua mbele ya watu. Zilikuwa nyekundu karibu tupu.

"Kibuyu ni chekundu," alitangaza. "Nyeupe ni chache chache."

Rebeka aliazima ungo wa Stumai, akamwaga kibuyu chote. Ungo mzima ukawa mweupe, na nyekundu hapa na pale. Wanakwaya wakaangua kicheko.

"Umenitega!" Marko akasema.

"Sikukutega, baba mkubwa. Umechagua kama mkulima yeyote. Mkono wako unapenda nyekundu."

"Ndizo tamu."

"Ndizo tamu. Sasa chukulia karani aliyetumwa kuandika nyumba zenye njaa. Ana macho, na mkono wake una kipenzi chake. Anapenda nyumba iliyo karibu na barabara, yenye kivuli na chai. Anaandika hizo, anarudi kusema hakuna njaa."

Kicheko kilikwisha. Marko alikuwa akiangalia njugu zake.

"Kama wale wa mwaka wa ukame," alisema polepole. "Waliokuja kuandika wa kupewa mahindi. Walikaa pale barabarani. Kwangu hawakufika."

"Hawakufumba macho," Rebeka akasema. Alikuwa ameanza kutembea, hatua mbili kwenda, mbili kurudi, juu ya lile jiwe. "Nafumba ili mkono wangu usichague. Mwaguzi hufumba macho akwambie kwamba anajua. Mimi nafumba kwa sababu sijui, na sitaki kujidanganya kwamba najua."

Marko akavua kofia. Njugu zikarudishwa, Rebeka akatikisa, na ile chaka-chaka ikasikika mpaka njia ya mbali.

"Bwana ananiona," alisema Marko kwa sauti, ili na wanakwaya wasikie, akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano, akaingiza mkono.

"Mzee Marko!" Stumai akaita. "Niangalizie na mimi mbuzi wangu aliyepotea!"

"Mbuzi wako yuko tumboni mwa shemeji yako," Marko alijibu, macho bado yamefumbwa. "Huyo hahitaji kibuyu!"

Kiganja kilitoka cheupe, chenye nyekundu kidogo. Akarudia, zikaongezeka. Akarudia tena, zikapungua. Akaanza kubishana na kibuyu, akitaka kiganja kijacho kiwe sawa na kilichopita. Rebeka akamwambia kwamba hapo hapo, kwenye ubishi huo, ndipo ulipo mtihani wake mzima. Nilimwona akikimbilia chaki.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Marko alisimama. Nilikuwa nimekaa mbele, mahali pangu, na nilivaa gauni langu jeusi zuri, kwa kuwa sikujua atakalosema. Alisema: "Binti wa marehemu ndugu yangu anakwenda Dodoma kufanya mtihani wa takwimu. Tumkumbuke katika maombi. Na kuhusu kibuyu, nimeingiza mkono wangu mwenyewe. Kuna njugu." Akaketi. Nyuma yangu kuna waliocheka na kuna waliokohoa. Sikugeuka kuwahesabu.

Si wote walioridhika. Wapo wanaopita njia ya mbali mpaka leo, na mmoja amehamisha mtoto wake kutoka darasa la Rebeka. Hilo linaniuma, sitasema haliniumi. Lakini wiki zilizobaki jiwe lilijaa chaki, na mapazia yangu yalikuwa wazi.

Alipiga simu Jumamosi ile mchana, kutoka stendi ya Dodoma, kukiwa na kelele za wapiga debe.

"Nimemaliza, mama."

"Umefanyaje?"

"Sijui. Safari hii nilijua ninachoulizwa. Kama nimekijibu, sijui."

Marko alikuja jioni yake kuulizia. Nilipomweleza alikasirika kabisa. "Mtu anasomea takwimu halafu hajui kama amefaulu?"

"Ndivyo ilivyo, shemeji."

"Basi tuwaambie watu nini?"

Matokeo bado hayajatoka. Nikienda sokoni wananisimamisha, wale wema na wale wasio wema, na wote wanauliza kama amefaulu. Zamani ningekuwa na jibu zuri tayari kabla sijatoka nyumbani, limepigwa pasi kama gauni. Sasa nawaambia kwamba amefanya mtihani, nanunua nyanya zangu, naondoka.